Maswali ya Wasomaji: Mbona Metali Yangu Inaonekana Kama Plastiki?

Barua zilizotufikia kuhusu uundaji wa modeli za metali kwenye kompyuta zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeona vema kuzitengea safu nzima. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu karibu zote zinazofuata zinategemea jambo lile lile: sura ya metali haimo katika rangi iliyopakwa wala katika picha iliyobandikwa juu yake, bali imo katika namna uso wake unavyourudisha mwanga wa mazingira.

*Ndugu mhariri, nimeunda modeli ya pete ya dhahabu. Umbo limetoka vizuri, nikaipa rangi ya manjano na kuiongezea mng'ao, lakini kila ninapoirenda, yaani kompyuta inapoigeuza kuwa picha kamili, inatoka kama pete ya plastiki. Nilijaribu kubandika picha ya bamba la dhahabu niliyoipakua kwenye intaneti, hali ikawa mbaya zaidi. Ninakosea wapi?* — Mwanafunzi wa usanifu wa vito

Ndugu yangu, umbo la pete yako halina lawama. Tatizo ni kwamba umeielezea kompyuta plastiki, nayo imekutii. Mwanga unapoipiga plastiki ya manjano, sehemu ndogo, yapata asilimia 4 iwapo uso unatazamwa moja kwa moja, hurudi papo hapo bila kubadilika rangi, na sehemu kubwa iliyobaki huzama ndani, ikagongana na chembe za rangi, kisha ikatoka imetawanyika kila upande huku imebeba umanjano. Ndiyo maana kitu cha plastiki huwa na mwili wenye rangi na doa jeupe la mng'ao juu yake. Metali haiko hivyo. Elektroni zake huru huurudisha mwanga mwingi pale pale usoni, na ule mchache unaopenya humezwa na kugeuka joto kabla haujafika mbali, kwa hiyo hakuna mwanga wowote unaotoka ndani kuja kuupa mwili rangi. Rangi yote ya dhahabu tunayoiona ni rangi ya uakisi wake: hurudisha nyekundu karibu yote, kijani kwa kiasi cha asilimia 77, na bluu asilimia 34 tu.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1982 Robert Cook na Kenneth Torrance walichapisha makala iliyoeleza kwa nini picha za kompyuta za wakati huo zilifanana na plastiki: mng'ao ulikuwa ukipewa rangi ya taa badala ya rangi ya kitu chenyewe. Wao waliuhesabu uso kama mkusanyiko wa vioo vidogo mno vilivyoinamia pande mbalimbali, wakairenda shaba ikaonekana shaba. Programu nyingi za leo bado zinatembea juu ya msingi huo.

Kwa hiyo, kwanza kipeleke kitelezi cha umetali, kile kinachoiambia kompyuta kama kitu ni metali (1) au si metali (0), hadi 1. Ukishafanya hivyo, kisanduku cha rangi ya msingi hubadilika maana. Hakielezi tena rangi iliyopakwa, kinaeleza ni kiasi gani cha kila rangi ya mwanga kinachorudishwa. Kwa dhahabu weka 1.00, 0.77 na 0.34. Kwa fedha 0.97, 0.96 na 0.91, kwa shaba 0.95, 0.64 na 0.54, kwa alumini 0.91, 0.92 na 0.92, kwa chuma 0.56, 0.57 na 0.58. Uangalie jambo moja hapa, maana limewaponyoka wengi: hizo ni thamani za mwanga halisi, ambazo wataalamu huziita za linia, wala hazizidishwi kwa 255 ili kupata rangi ya kuchagua kwa jicho. Anayezidisha hivyo hupata 255, 196 na 87, akaiona dhahabu yake imekolea kama chungwa, ilhali katika sRGB, mfumo wa kawaida wa kuandika rangi za skrini, dhahabu ile ile ni takriban 255, 227 na 158, rangi iliyopauka ambayo mtu akiionyeshwa peke yake hawezi kuamini kwamba ni ya dhahabu. Umanjano mzito tunaoujua hutokea pale mwanga unaporuka kutoka ukuta mmoja wa pete kwenda mwingine, kwa sababu kila mruko huiondoa bluu nyingine.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka uweke nguvu zako, ipe pete yako kitu cha kuakisi. Kwa kuwa metali haina mwili wenye rangi, metali iliyowekwa katika nafasi tupu ya kijivu ni kioo katika chumba kisicho na kitu. Itaonyesha kijivu, na hakuna rangi ya msingi itakayoiokoa. Niliwahi kutumia siku mbili nikirekebisha rangi ya birika la shaba kabla sijatambua kwamba kilichopungua hakikuwa shaba bali dirisha. Niliweka bamba moja refu jeupe la mwanga upande wa kushoto na bamba jeusi upande wa kulia, na birika lile, bila kuguswa rangi, likawa shaba. Wapiga picha wa bidhaa hufanya hivyo hivyo studioni: hawaimuliki metali, wanapanga vitu vyeupe na vyeusi vitakavyoonekana ndani yake. Picha za mazingira za HDRI, ambazo Paul Debevec alionyesha mwaka 1998 jinsi ya kuzitumia kumulikia vitu vya kompyuta, zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu zinahifadhi tofauti kubwa kati ya ung'avu wa jua na giza la kona. Picha ya kawaida huikata tofauti hiyo, na metali hupoa.

Mwisho, kwenye mparuzo, yaani kipimo cha jinsi uso ulivyo laini au wa kukwaruza. Usiiache pete ikiwa na mparuzo wa 0, kwani hakuna metali iliyovaliwa kidoleni ambayo ni kioo kamili. Anzia 0.15 hadi 0.25, kisha ibandike ramani hafifu (picha inayoipa kompyuta thamani ya kila sehemu ya uso) ya alama za vidole na vikwaruzo kwenye mparuzo, si kwenye rangi. Ile picha ya bamba la dhahabu uliyoipakua iache kabisa. Sababu yake utaiona katika jibu linalofuata.

*Mimi hupenda kutengeneza tekscha, yaani picha za kubandika juu ya modeli, mwenyewe. Nilipiga picha bamba la chuma cha pua kwa kamera nzuri, picha ikatoka kali kabisa, nikaifanya ijirudie bila mshono. Lakini kwenye modeli, ukiizungusha, inaonekana kama karatasi iliyochapwa picha ya chuma. Tafadhali nisaidie.* — Mpenzi wa tekscha

Umeeleza vizuri mno kwa kusema karatasi iliyochapwa, kwa sababu ndicho kilichopo. Kamera yako haikupiga picha ya chuma peke yake. Ilipiga picha ya chumba, dirisha, dari na pengine ya kamera yenyewe, vyote vikiwa vimetiwa ukungu na mparuzo wa bamba. Umeuchukua mwanga wa mahali pale ukaugandisha. Modeli inapozungushwa, mwanga wa kweli unapaswa kuteleza juu ya uso, lakini ule ulioganda unabaki palepale, na jicho la mtu hulitambua hilo mara moja hata kama hawezi kulieleza.

Kwa vitu visivyo metali kuna dawa: watu huweka kichujio cha upolarishaji kwenye taa na kingine kwenye lenzi, wakavipishanisha kwa nyuzi 90, na mng'ao wa juu hutoweka ukabaki mwili wa rangi. Ukiifanyia metali jambo hilo itatoka karibu nyeusi, maana ukiuondoa uakisi hakuna kinachobaki. Jaribio hilo ni zuri kulifanya walau mara moja, kwa kuwa linafundisha kwa macho kile ambacho maelezo yangu ya juu yanakifundisha kwa maneno.

Picha yako hata hivyo haijapotea. Igeuze iwe ya kijivu, ondoa tofauti kubwa za mwanga zinazotoka upande mmoja hadi mwingine, kisha ubakize alama ndogo tu: mikwaruzo, madoa ya maji, mafuta ya vidole, mistari ya msasa. Punguza ukali wake hadi thamani zote zikae katika upana mdogo, tuseme kati ya 0.25 na 0.45, na hiyo iwe ramani yako ya mparuzo. Rangi ya msingi ya chuma kilicho safi iache iwe moja, bila picha yoyote. Wengi huogopa kuacha rangi tupu kwa kudhani kwamba ni uvivu, lakini ninathubutu kusema kwamba katika metali safi ramani ya mparuzo hufanya kazi kubwa kuliko ramani nyingine zote zikijumlishwa. Kumbuka pia kwamba kitelezi cha mparuzo hakisogei sawasawa na mtawanyiko wa mwanga: tangu mfumo uliotolewa na Disney mwaka 2012, programu nyingi huizidisha thamani yako kwa yenyewe kabla ya kuitumia, hivyo 0.5 yako huhesabiwa kuwa 0.25. Usibishane na namba. Zungusha modeli chini ya taa moja ndogo ukatazame upana wa doa la mwanga.

*Ninaunda modeli ya sufuria ya alumini. Ubavu wake umetoka vizuri, ila kitako hakifanani na cha sufuria ya kweli. Sufuria niliyonayo ikigeuzwa huonyesha kama mapanga mawili ya mwanga yanayokutana katikati, na yangu ina doa la duara tu.* — Mbunifu wa vyombo

Macho yako ni makali, na hicho ulichokiona kina sababu safi. Kitako cha sufuria kimekerezwa au kusuguliwa kwa mzunguko, kwa hiyo uso wake umejaa mifereji midogo iliyopangwa kwa duara. Mfereji huusambaza mwanga kukatiza mwelekeo wake, wala si kuufuata. Ukiwa na mistari inayokwenda kushoto na kulia, doa la mwanga hurefuka kwenda juu na chini. Kwa kuwa kwenye kitako mifereji inazunguka, mirefuko hiyo hupangika kama miali kutoka katikati, na ile inayolingana na taa na jicho lako ndiyo inayowaka, ikafanya yale mapanga mawili yanayotazamana.

Katika programu, tabia hiyo huitwa anisotropia. Iongeze hadi 0.7 au 0.8 kwa kitako peke yake, kisha uielekeze kompyuta mifereji inakopita. Kosa la kawaida liko katika hatua hiyo ya pili: programu huusoma mwelekeo kutoka kwenye ramani ya UV, yaani uso wa modeli uliofunguliwa ukalazwa bapa kama karatasi, na kitako kilichofunguliwa kama duara bapa kina mwelekeo mmoja wa kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mng'ao hurefuka upande mmoja kana kwamba chombo kilisuguliwa kwa msasa kwenye meza. Katika programu ya Blender tumia nodi (kisanduku cha mpangilio) ya tanjenti, inayoeleza mwelekeo wa mifereji, iliyowekwa kwa mzunguko kwenye mhimili wa sufuria. Katika programu isiyo na nodi hiyo, kifungue kitako kwa mfumo wa polari ili duara lake linyooke kuwa ukanda. Mifereji ambayo jicho linaiona kwa umbali wa picha yako iongezee ramani ya nomali, ile inayoieleza kompyuta uso umeinamia wapi katika kila sehemu. Ile ambayo jicho haliioni mmoja mmoja iachie anisotropia, kwa kuwa kuichora yote kutakuletea mimetameto isiyotulia.

*Natengeneza lori kuukuu kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Je, kwenye kutu niweke umetali kiasi gani? Ninatumia 0.5 kwa kuwa kutu ni chuma nusu.* — Mtengenezaji wa michezo

Weka 0. Kutu si chuma nusu. Ni oksidi ya chuma iliyochanganyika na maji, na kwa mwanga inafanana na udongo kuliko na chuma. Ina mwili wa rangi, haina uakisi wa metali, na mparuzo wake ni mkubwa, 0.8 au zaidi. Rangi ya lori nayo ni 0, kwa sababu mwanga hukutana na rangi iliyopakwa wala haukifikii chuma kilicho chini. Chuma kilicho wazi ni 1. Thamani za katikati zinafaa tu mahali piseli moja inapobeba vitu viwili kwa pamoja, kama pale kutu inapoishia au vumbi jembamba linapofunika chuma, na hata hapo zisienee.

Nitakaa kidogo kwenye swali la mahali pa kuiweka kutu, ingawa hukuliuliza, kwa sababu ndilo linalotofautisha lori lililozeeka na lori lililopakwa madoa. Kutu huhitaji maji na hewa. Itafute basi mahali ambapo maji husimama au hujificha: chini ya milango, kwenye maungio, kuzunguka boliti, nyuma ya gurudumu ambako mawe yameichubua rangi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba na kuinyanyua rangi kutoka chini kabla haijatoka nje. Chora uvimbe huo kwenye ramani ya mwinuko, kingo za rangi ziwe zimejikunja, na kutoka hapo ushushe michirizi hafifu inayofuata njia ya maji. Programu nyingi zina kichujio kinachopausha kila ukingo kwa mpigo mmoja kwa kuupima mkunjo wa uso. Kitumie kama mwanzo, kisha ufute sehemu kubwa ya kilichotokea, ubakize pale ambapo mkono, buti au kamba hugusa kweli. Mlango huchakaa karibu na kishikio. Paa la lori halichakai kingo zote kwa usawa.

Usiipe kutu nyekundu kila metali, tafadhali. Alumini hujifunika kwa oksidi nyembamba mno inayopitisha mwanga, ikafifia bila kuwa nyekundu. Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfaidi. Shaba huwa ya kahawia kwanza, na ikikaa nje miaka mingi hupata tabaka la kijani, kama Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya shaba. Tabaka hilo la kijani nalo huhesabiwa kuwa si metali. Bomba la moshi lililopata moto lina habari tofauti: chuma kikipashwa hadi karibu nyuzi 230 za Selsiasi huwa na rangi ya majani makavu, na karibu nyuzi 300 huwa bluu, kwa sababu ya tabaka jembamba la oksidi linaloyagonganisha mawimbi ya mwanga. Hapo umetali ubaki 1, na mabadiliko yafanyike kwenye rangi ya msingi kwa mpito wa taratibu kuelekea kwenye chanzo cha moto.

*Spana yangu ina vipimo sahihi kabisa, lakini inaonekana kama imekatwa kwenye karatasi.* — Fundi mitambo

Kingo zako ni kali mno. Hakuna ukingo wa metali uliotoka kiwandani ambao hauna mviringo, hata uwe wa sehemu ya milimita, na mviringo huo ndio unaoushika mwanga na kuchora mstari mwembamba unaong'aa kati ya nyuso mbili. Ongeza beveli (ukingo uliokatwa au kuviringwa) ya milimita 0.3 hadi 0.5 yenye vipande viwili au vitatu. Kwa spana iliyofuliwa, hata milimita 1.

*Tekscha nilizozipakua zinatoka tofauti na picha ya mfano: chuma kinang'aa kupita kiasi, na mashimo yanaonekana kama vinundu.* — Msomaji mpya

Hayo ni makosa mawili yasiyohusiana. La kwanza ni nafasi ya rangi: ramani ya rangi ya msingi husomwa kama sRGB, lakini ramani za mparuzo, umetali na nomali ni vipimo, si rangi, na programu inapaswa kuambiwa hivyo. Kijivu cha katikati katika ramani ya mparuzo kikisomwa kama sRGB hugeuka kutoka 0.5 kuwa takriban 0.22, ndiyo maana chuma chako kimelowa. La pili ni mkondo wa kijani wa ramani ya nomali, yaani sehemu ya kijani kati ya zile nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha. Kuna mapatano mawili yaliyopewa majina ya mifumo ya kuchora picha: la OpenGL, ambalo Blender na injini ya michezo ya Unity hulifuata, na la DirectX, linalofuatwa na injini ya Unreal. Ramani ya upande mmoja ikitumiwa upande mwingine, juu huwa chini, na mashimo huvimba. Geuza mkondo huo wa kijani tu, na mingine iache ilivyo.

*Picha yangu ya kusimama ni nzuri, lakini kwenye video chuma kilicho mbali kinametameta kama kina chembe za sukari. Ninatumia ramani za 4096 kwa kila kitu.* — Mtengenezaji wa katuni

Ukubwa wa ramani zako hausaidii, huenda unadhuru. Ramani moja ya 4096 kwa 4096 isiyobanwa, yenye mikondo minne ya biti 8, huchukua megabaiti 64 za kumbukumbu. Kitu kimoja chenye ramani nne kimeshakula 256, hata kama kwenye skrini kina urefu wa piseli 100. Hifadhi ukubwa huo kwa kilicho mbele ya kamera, na uziweke mparuzo, umetali na kivuli cha mianya katika mikondo mitatu ya picha moja.

Mmetameto wenyewe unatoka kwenye ramani ya nomali. Kwa mbali piseli moja inafunika mamia ya vikwaruzo, na katika kila fremu inaangukia kikwaruzo kingine, kimoja kikirudisha taa na jirani yake asirudishe. Programu ikizipunguza ramani kwa wastani, vikwaruzo hufutika, na uso uliokuwa wa kuparuza hugeuka laini unaong'aa, jambo ambalo ni kosa la upande wa pili. Kinachotakiwa ni kwamba kila kiasi cha vikwaruzo kinachopotea kwenye nomali kiongezwe kwenye mparuzo; baadhi ya injini za michezo zina chaguo la kufanya hivyo zenyewe wakati wa kuingiza ramani. Ikiwa yako haina, tengeneza nakala ya pili ya nyenzo kwa ajili ya mbali, nomali ikiwa imepunguzwa nguvu na mparuzo umepandishwa, kwa mfano kutoka 0.3 hadi 0.45, kisha uzilinganishe nakala hizo mbili katika umbali ule ambapo kamera itabadilisha moja kwenda nyingine, mpaka usiweze kuutambua mpaka wake.